Matembezi ya Lulindi na Maji Yake

Wanachama waliotaka twende matembezi Lulindi, upande wa Masasi na Newala, wajue kwanza kwamba nchi ile si kama kwetu visiwani. Mvua ni za msimu mmoja, tokea Desemba hata Aprili. Ndipo pori linapochanua, na nyani na ngedere hawakosi kuonekana. Lakini maji! Juu ya uwanda wa Wamakonde mvua huzama mchangani, ikatokea chemchemi chini ya mteremko. Mjerumani Karl Weule, aliyefika Newala mwaka 1906, aliandika habari za taabu ya kuyateka.

Basi, tukiona kidimbwi kizuri, tuwaulize wenyeji kabla ya kuvua kanzu. Huenda ndiyo maji yao ya mtungi. Tena kuna kichocho, nasi watu wa karafuu twakijua: kijidudu chake hutoka kwa konokono kikapenya ngozi, hata maji yakiwa maangavu kama kioo. Mto Ruvuma nao una mamba. Viboko tuwatazame kwa mbali. Kuoga tutaoga kwa ndoo. Na atakayeona damu katika mkojo, hata miezi ikiwa imepita, aende hospitali, asione haya.