Malenga wa Norwe Aliyewatetea Mayahudi

Katika mji wa Oslo, ambao zamani ukiitwa Christiania, pana kaburi lenye ukumbusho uliotolewa na Mayahudi wa Uswidi mwaka 1849. Aliyezikwa hapo hakuwa Myahudi. Alikuwa Mkristo, mwana wa padri, tena mtumishi wa serikali. Jina lake Henrik Wergeland, na Wanorwe humhesabu miongoni mwa malenga wao wakubwa.

Huenda msomaji akauliza, Mayahudi wa Uswidi wana nini na malenga wa Norwe? Kisa chenyewe ni kirefu kidogo.

Wergeland alizaliwa mwaka 1808 huko Kristiansand, mji wa pwani ya kusini. Mwaka 1814 Norwe ilitoka mikononi mwa Denmark, na watu wakakusanyika Eidsvoll kuandika katiba yao wenyewe. Katiba ile ilisifiwa sana kwa uhuru iliowapa raia, lakini kifungu chake cha pili kiliwapiga marufuku Mayahudi kuingia nchini. Miongoni mwa waliokiunga mkono alikuwa Nicolai Wergeland, baba yake Henrik. Miaka mitatu baadaye baba huyo akawa padri wa Eidsvoll, na kijana akalelewa mahali pale pale katiba ilipozaliwa.

Henrik naye alisomea dini akafuzu mwaka 1829, lakini kanisa la kuongoza hakupata maisha yake yote. Ulimi wake ulikuwa mkali na adui hawakuwa haba. Alimshutumu wakili mmoja hadharani kuwa anawadhulumu watu. Wakaburutana mahakamani miaka na miaka, mpaka kesi hiyo ikamfilisi. Malenga mwenziwe, Welhaven, alimshambulia kwa mashairi na yeye akamjibu, kama wafanyavyo malenga wetu wanapojibizana, ila hao hawakuwa na mzaha. La kusikitisha ni kwamba dada yake Henrik, Camilla, alimpenda Welhaven huyo huyo. (Camilla naye baadaye akawa mwandishi mashuhuri.)

Pamoja na ukali wote huo, alikuwa mtu wa watu. Alianzisha maktaba kwa ajili ya wakulima, na kuanzia 1839 akatoa gazeti la wafanyakazi. Husimuliwa kwamba akitembea alijaza mbegu mifukoni na kuzitupa njiani ili zipate kuota.

Mfalme Carl Johan alipompa posho kutoka mfuko wake, rafiki zake wa zamani walimwita msaliti aliyenunuliwa. Yeye alisema huo ni ujira wa kuwafunza watu wa chini. Mwaka 1841 alianza kazi ya kutunza nyaraka za taifa, na ndiye mtu wa kwanza kushika cheo hicho. Sasa alikuwa na mshahara, mke wake Amalie, na nyumba karibu na jumba la mfalme. Mwengine angalinyamaza akala mkate wake.

Yeye hakunyamaza. Mwaka 1839 alikuwa amepeleka ombi Bungeni kifungu kile kifutwe, kifungu alichokikubali baba yake mzazi. Mwaka 1842 akatoa diwani iitwayo Jøden, yaani Myahudi. Ndani yake mna kisa cha mchuuzi mzee wa Kiyahudi anayetembea katika dhoruba ya theluji, mkesha wa Krismasi. Mzee anasikia kilio cha mtoto gizani, anamwokota, anamfunika kwa nguo zake, kisha anabisha hodi kwenye kibanda. Wenyewe wanaposikia kuwa ni Myahudi, hawafungui. Asubuhi wanamkuta mlangoni amekufa kwa baridi, na mtoto aliye mikononi mwake ni mtoto wao.

Mwaka huo huo Bunge lilipiga kura. Waliotaka kifungu kifutwe walikuwa 51, waliokataa 43. Walikuwa wengi, lakini katiba ilidai thuluthi mbili, kwa hiyo kifungu kikabaki. Wergeland akatoa diwani ya pili, Jødinden, mwaka 1844. Wakati huo alikuwa mgonjwa wa kifua, na ile nyumba ilibidi aiuze kwa madeni. Aliendelea kutunga kitandani mpaka Julai 12, 1845, alipofariki akiwa na umri wa miaka 37.

Kifungu kilifutwa mwaka 1851. Marufuku ya watawa, iliyokuwa katika kifungu hicho hicho, ilidumu hadi 1897, na ya Wajesuiti hadi 1956. Haki ya kila mkazi kuabudu kwa dini yake iliandikwa katika katiba mwaka 1964, muda mfupi kabla Waislamu kutoka Pakistan hawajaanza kufika Oslo kutafuta kazi.