Siku Tatu za Kisumu Kabla ya Kupanda Chombo

Mamangu alipoona nimeandika kwenye karatasi "Kisumu, usiku mmoja," alininyang'anya kalamu akafuta. "Mtu haendi mji wa watu akalala kama kuku, alfajiri akaruka," alisema. "Kaa siku tatu. Uone mji, umtafute na mjomba wako. Kisha panda hicho chombo chako."

Mjomba wangu alikuwa mpishi wa meli. Alianza kazi mwaka wa 1961, ilipoingia majini MV Victoria, meli iliyoundwa Uskoti, ikaletwa vipande vipande, ikaungwa pale pale Kisumu. Kila likizo alirudi kwetu Mombasa na kikapu cha samaki wakavu wa ziwani, nasi watu wa bahari tukimcheka. Jioni alikaa barazani akatuigizia honi ya meli, mikono kinywani, mpaka majirani wakagomba. Mwaka wa 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na meli zikagawanywa mithili ya mirathi: Victoria ikaangukia Tanzania, Uhuru, ile ya mwaka wa 1966, ikabaki Kenya. Mjomba naye akabaki Kisumu bila meli, akafungua kigenge cha chai. Alifariki mwaka wa 1984. Simu ya maandishi ilitufikia siku mbili baada ya maziko. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuliona kaburi lake.

Niya yangu, msomaji, ilikuwa kuzunguka ziwa kama alivyozunguka yeye: Kisumu, Musoma, Mwanza, Bukoba, Port Bell, kisha kurudi. Safari hiyo ya duara haipo tena. Victoria ilifanyiwa matengenezo makubwa, ikarejea kazini mwaka wa 2020, lakini njia yake ni Mwanza na Bukoba. Uhuru ilifufuliwa mwishoni mwa 2019, nayo huchukua mabehewa na mizigo, haichukui watalii wala washairi. Kilichobaki kwangu ni kivuko cha kutoka Luanda Kotieno hadi Mbita, kukata mdomo wa Ghuba ya Winam, mwendo wa kiasi cha saa moja. Mama alifurahi kusikia ni saa moja tu. Tangu MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza mwezi wa Mei 1996, mamia ya watu wakapotea, ziwa hilo halitaji bila kuvuta uradi.

Basi nikapanga siku zangu. Nakiri hapa kwamba mjomba nilimweka siku ya tatu. Nilijiambia ni kwa sababu ya ratiba. Ukweli ni kwamba niliogopa kwenda nisimpate.

Siku ya kwanza nenda bandarini, japo huna meli. Sisi wa pwani tunastaajabu kuona bandari iliyo juu ya bahari kwa mita zaidi ya 1,100, ina gati, ina kreni, ina harufu ya mafuta na kamba mbichi, ila chumvi hamna. Reli iliyoanzia kwetu mwaka wa 1896 ilifika hapa tarehe 20 Desemba 1901, mahali pakaitwa Port Florence kwa jina la mke wa mhandisi. Kwanza ilikusudiwa iishie Port Victoria, huko Bunyala upande wa Busia. Wapimaji wakaona ghuba hii ni karibu zaidi, na Port Victoria ikabaki na jina lake kubwa na mitumbwi yake. Meli ilitangulia gari la moshi: William Mackinnon ilishushwa majini mwaka wa 1900, baada ya vyuma vyake kupitia Mombasa na kupandishwa bara, vingine vichwani mwa wapagazi.

Kutoka bandarini panda tuktuk hadi mnara wa saa, barabara ya Oginga Odinga. Wengi huupita wakitazama simu zao. Uliwekwa mwaka wa 1938 na wana wa Kassim Lakha kumkumbuka baba yao, mfanyabiashara aliyefika Afrika Mashariki mwaka wa 1871. Nilisimama pale nikawaza wana wane walivyomjengea baba yao mnara, na sisi wajomba zetu hata jiwe.

Msikiti wa Jamia, wa kijani na weupe, wenye minara miwili, umesimama tangu 1919. Mgeni kutoka pwani aangalie saa: Magharibi ya Kisumu huchelewa ya Mombasa kwa kiasi cha dakika ishirini, kwani jua lina safari ndefu zaidi kufika huko. Mimi nilikaa na udhu wangu nikisubiri kama mwanachuo aliyekuja kabla ya mwalimu. Baada ya sala nikawauliza wazee kama kuna anayemkumbuka mpishi wa meli, Mswahili wa Mombasa. Wakatazamana. Mmoja akasema, "Yule wa honi?"

Sikulala vyema usiku huo.

Siku ya pili ni ya makumbusho, yaliyofunguliwa mwaka wa 1980. Usipoteze muda kwenye nyoka. Nenda kwenye boma la Kijaluo lililojengwa uani, ukaone nyumba ya mikayi, mke wa kwanza, ilivyokaa mkabala wa lango, na za wenzake kando. Ukishafahamu hilo utalifahamu Kit Mikayi, jabali la mke wa kwanza, ambalo liko kiasi cha kilomita 30 kwenye barabara ya Bondo. Wengi hulifanyia safari ya peke yake. Msifanye hivyo: liko njia moja na Luanda Kotieno, mtalipitia siku ya kivuko.

Alasiri ni Dunga, kwa wavuvi. Huko nilikula ngege mzima na ugali, bila tui, na sikunung'unika. Ukitaka mashua ya kutazama viboko, ngoja asubuhi. Mchana upepo huamka na ziwa hubadilika uso ghafla. Dai jaketi la kuokolea, na ulivae, usilikalie. Uliza pia kuhusu gugumaji, ambalo tangu miaka ya 1990 huja na upepo likafunga pwani nzima, kesho likaondoka bila kuaga. Kilichonishika mimi ni tanga: mashua za huko zina tanga la pembe tatu, lile lile la majahazi yetu. Waliotangulia walibeba mengi kwenda bara, mabaya na mazuri. Tanga ni katika mazuri.

Siku ya tatu mzee yule wa msikitini alinichukua makaburini. Alitembea kwa mkongojo, akihesabu miti. Akasimama penye makaburi matatu yaliyolala, nyasi zimefunika, hapana jina. "Nilimbeba mimi jeneza," alisema, "lakini macho yangu ndiyo haya. Ni mmoja katika hawa." Nikawasomea Yasini wote watatu. Tukang'oa nyasi pamoja, na aliponiuliza kama nitaweka jiwe, sikujua niliweke juu ya nani.

Kesho yake, baada ya Kit Mikayi, nilifika Luanda Kotieno mapema. Akina mama walipakia omena, kuku na magodoro. Ng'ambo ya pili ni Mbita na daraja la kuvukia Rusinga, alikozikwa Tom Mboya. Nilipokanyaga chombo nilisoma kimoyomoyo dua ya Nabii Nuhu alipopanda safina, kama tulivyofunzwa chuoni, kisha nikampigia mama. Nilimweleza habari ya makaburi matatu. Alinyamaza kitambo.

"Wote umewasomea?"

"Wote, mama."

"Vyema. Hao wengine nao wana dada zao."

Hapo kivuko kikapiga honi. Nikainua simu juu ya vichwa vya watu mpaka sauti ikaisha, nikairudisha sikioni nimuulize kama amesikia.

"Nimesikia," alisema. "Sio hiyo. Ya kakaangu ilikuwa nene."