Kumpima Karani au Kuipima Kazi Yake?

Anayesafiri kutoka Nakuru kwenda Eldoret, nchini Kenya, hupita Burnt Forest akiwa amebakiza takriban kilomita 40. Mji huu uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na ubaridi wake unawakubali sana ng'ombe wa maziwa. Maziwa, viazi na mahindi ndiyo riziki ya eneo hili, na nyuma ya kila mkebe na kila gunia yuko mtu mwenye kalamu na kitabu.

Tuchukue kazi ya karani wa kupokea maziwa katika chama chochote cha ushirika cha ukanda huu. Asubuhi wakulima na vijana wa bodaboda hufika kwa mkupuo. Karani anasoma mizani, anashika kichwani uzito na namba ya mwanachama, anatazama laktometa isije ikawa maziwa yametiwa maji, anaandika kitabuni, anatoa risiti. Katikati ya hayo mzee mmoja anauliza malipo yake ya mwezi uliopita yamekwama wapi. Karani anamjibu kwa heshima, kisha anarudi kwenye kitabu, na ile namba imetoweka. Zilikuwa kilo 13 au 18? Mwisho wa mwezi hesabu hazilingani, naye anaitwa mzembe.

Huenda ni mzembe kweli. Lakini huenda pia ni mmoja wa watu wazima wenye ADHD, hali ya ubongo inayovuruga umakini, ambayo makadirio ya kimataifa huihesabu kwa watu wawili au watatu katika kila mia. Mwaka 1974 wanasaikolojia wa Uingereza, Alan Baddeley na Graham Hitch, walieleza jinsi kumbukumbu inayoshikilia jambo kwa muda mfupi, huku ubongo ukilifanyia kazi, ilivyo na nafasi ndogo. Kila binadamu ana kikomo hicho. Kwa wengi wenye ADHD kikomo hufika mapema zaidi, na swali moja la pembeni linatosha kufuta kilichokuwa kimeshikwa. Kumkemea mtu wa namna hiyo hakumwongezei nafasi kichwani. Kunamwongezea hofu, nayo hofu inakula nafasi ile ile.

Kuna njia nyingine. Uingereza ina mpango wa serikali uitwao Access to Work, ulioanza mwaka 1994, ambao unaweza kugharamia tathmini ya mahitaji ya mfanyakazi kazini. Mtathmini huketi na mhusika, wakaipitia kazi hatua kwa hatua: unaanzia wapi, unakwama wapi, nini hukuchosha, nini unakifanya vizuri kuliko wenzako. Kisha huandika mapendekezo. Mtu hahitaji cheti cha daktari kinachotaja hali yake ndipo aombe msaada huo. Swali kuu ni wapi mtu na kazi yake havikutani.

Kwa karani wetu, mapendekezo yangeweza kuwa haya: uzito uandikwe kwa chaki ubaoni papo hapo kabla ya neno lingine lolote, mtu mmoja asome mizani kwa sauti na mwingine aandike, maswali ya malipo yangoje hadi foleni iishe, tena yaende kwenye dirisha jingine. Wakulima wenyewe wangefaidika, kwa kuwa kilo zao zingeandikwa sawasawa.

Hata hivyo, tathmini iliyobebwa nzima nzima kutoka London ingepotoka hapa kwa jambo moja kubwa, nalo ni lugha. Mfanyakazi wa Burnt Forest anaweza kuwa amelelewa kwa Kikalenjin au Kikuyu, anauza na kununua kwa Kiswahili, halafu anatakiwa kuandika ripoti kwa Kiingereza. Sasa mpe mtu huyo disleksia, yaani ugumu wa kuunganisha sauti na herufi.

Mwaka 2001 Eraldo Paulesu na wenzake walichapisha katika jarida la Science utafiti uliolinganisha watu wazima wenye disleksia kutoka Italia, Ufaransa na Uingereza. Waitaliano walisoma kwa usahihi kuliko wenzao, kwa sababu Kiitaliano huandikwa karibu kama kinavyotamkwa. Lakini picha za ubongo zilionyesha udhaifu ule ule katika makundi yote matatu, upande wa kushoto. Tofauti ilikuwa katika mifumo ya maandishi waliyoisomea.

Kiswahili nacho huandikwa kama kinavyotamkwa. Kwa hiyo tunapaswa kutarajia kwamba mtu mwenye disleksia anaweza kukisoma bila makosa mengi, ila polepole na kwa kuchoka, kisha akaporomoka mbele ya Kiingereza chenye tahajia zisizotabirika. Bosi ataamua kwamba kijana huyu hakusoma. Na kinyume chake kinawezekana: mtu ambaye hakufundishwa Kiingereza vizuri akabandikwa ulemavu asiokuwa nao. Mtathmini makini atamwomba asome katika lugha zake zote, atapima mwendo pamoja na makosa, na atauliza historia ya shule na ya familia. Baada ya hapo msaada unaweza kuwa mwepesi: maagizo kwa ujumbe wa sauti katika simu, fomu za kutia alama, ruhusa ya kuripoti kwa Kiswahili.

Kwa wenye usonji (autism) vikwazo huwa vingine. Jenereta inayonguruma au mashine ya posho jirani inaweza kummaliza mtu nguvu kabla ya saa nne. Agizo la "maliza hiyo kazi vizuri" halimwambii lolote. "Panga mifuko 40 kufikia saa sita" linamwambia yote. Damian Milton, msomi Mwingereza ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika mwaka 2012 kwamba kutoelewana huku kuna pande mbili, maana hata wasio na usonji hushindwa kumsoma mwenye usonji. Ni hoja ambayo kila msimamizi angepaswa kuipata siku yake ya kwanza kazini.

Gharama? Nchini Marekani kituo cha ushauri cha Job Accommodation Network, kilichoanzishwa mwaka 1983, kimekuwa kikiwauliza waajiri swali hilo kwa miaka mingi, na karibu nusu yao hujibu kwamba mabadiliko waliyofanya hayakuwagharimu chochote.

Kenya si ngeni katika tathmini. Tangu mwaka 1984, kwa msaada wa Denmark, kumekuwa na vituo vya kuwapima watoto wenye mahitaji maalum ili wapate shule inayowafaa. Watu wazima nao hupimwa hospitalini ili wasajiliwe na Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, na aliyesajiliwa anaweza kuomba msamaha wa kodi kwa shilingi 150,000 za kwanza za mapato ya mwezi. Tathmini ya kwanza huishia kwenye lango la shule, na ya pili huishia kwenye kadi. Inayokosekana ni ile inayofika kwenye meza ya maziwa.

Sheria imeshafika mbali kuliko desturi. Kenya iliridhia mwaka 2008 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, unaohesabu kunyimwa marekebisho yanayofaa kuwa ubaguzi. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mwajiri aliyeshtakiwa kwa ubaguzi mzigo wa kuthibitisha kwamba haukutokea. Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu, iliyotiwa saini Mei 2025, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi atenge angalau asilimia 5 ya nafasi. Asilimia hiyo inamwingiza mtu mlangoni. Haimwambii msimamizi afanye nini Jumatatu asubuhi.

Usiri nao lazima ulindwe, hasa katika mji ambapo karani, meneja na mkulima huabudu katika kanisa moja. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inazihesabu habari za afya ya mtu kuwa nyeti. Ripoti ya tathmini itaje mabadiliko yanayohitajika mezani. Jina la hali ya mfanyakazi libaki mikononi mwake mpaka mwenyewe atake kulitoa.

Eldoret, jiji rasmi tangu Agosti 2024, ina kampasi za Chuo Kikuu cha Moi na Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi. Kaunti ya Uasin Gishu nayo inaajiri wauguzi, makarani na walimu wa chekechea. Taasisi hizi tatu zikae pamoja na vyama vya ushirika, ziandae mwongozo mfupi wa tathmini kwa Kiswahili, ziujaribu katika kituo kimoja cha maziwa na ofisi moja ya kaunti, kisha ziufikishe kwa kila msimamizi wa Burnt Forest kabla hajaandika barua nyingine ya onyo.