Moshi mweusi: Usikimbilie kununua kabureta mpya

MAGARI ya spoti ya zamani hayajaisha katika barabara zetu. Likizo ya Desemba ikifika utayaona yakivuka Malaba na Busia kutoka Nairobi na Mombasa, mengi yakiwa ya wenzetu waliorudi nyumbani baada ya kuishi ugenini. Lakini gari lililonguruma vizuri Pwani, likifika hapa Osukuru huanza kutoa moshi mweusi, kunuka petroli na kumaliza tangi kabla ya safari kuisha.

Hapo ndipo pesa hupotea. Mwenye gari huambiwa kabureta zimekufa. Hutafuta nyingine ng'ambo ya mpaka kwa bei ya kuumiza, akazifunga, na moshi ukabaki pale pale.

Wanafunzi wangu wa sayansi huwaeleza jambo hili kwa hesabu ndogo. Kilo moja ya petroli huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa ili iungue sawasawa. Petroli ikizidi au hewa ikipungua, mafuta hayaungui yote na masizi hutokea. Kwa hivyo swali la kwanza si "kipuri gani kimeharibika?" bali "hewa imepungua wapi, au petroli imezidi wapi?"

Mombasa iko usawa wa bahari. Ukija huku unapitia Timboroa, mita 2,700 hivi juu ya bahari, kisha unateremka hadi kwetu, mita 1,200 hivi. Kadiri unavyopanda ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi. Hapa imepungua kwa karibu sehemu moja kati ya kumi, na kule Timboroa kwa karibu robo. Gari la kisasa lina kompyuta ya kusawazisha mambo hayo. Kabureta iliyopimwa Mombasa haina.

Chukua mfano wa Datsun 240Z, gari lenye historia kubwa katika eneo hili. Edgar Herrmann alishinda Safari Rally nalo mwaka wa 1971. Mwaka wa 1973 ikawa zamu ya Shekhar Mehta, mzaliwa wa Kampala ambaye familia yake ilihamia Kenya mwaka wa 1972, wakati Idi Amin alipowafukuza Waasia. Mtu aliyepoteza kwao alishinda mwaka uliofuata, na gari lake likapendwa pande zote mbili za mpaka. Lina injini ya lita 2.4, silinda sita na kabureta mbili: ya mbele hulisha silinda tatu za mbele, ya nyuma tatu za nyuma.

Desemba iliyopita jamaa mmoja anayefanya biashara Mombasa alifika hapa na gari la aina hiyo likitoa moshi kama trekta. Tayari alikuwa ameambiwa anunue kabureta zote mbili.

Tulianza kwa plagi. Plagi ya injini yenye afya huwa na rangi ya kahawia hafifu. Masizi makavu meusi huonyesha petroli imezidi. Weusi wenye utelezi ni oili. Plagi moja tu ikiwa nyeusi, shuku moto wa silinda hiyo. Zikiwa tatu za upande mmoja, shuku kabureta ya upande huo. Zikiwa zote sita, tafuta sababu inayozigusa zote.

Zake zilikuwa nyeusi zote sita. Tukafungua chujio la hewa, tukalikuta limejaa vumbi. Barabara zetu za murram na malori ya mawe ya chokaa huziba chujio upesi. Tulipoweka jipya na kusafisha plagi, moshi ulipungua sana.

Baada ya kuliendesha kidogo, plagi tatu za mbele zilianza tena kuwa nyeusi kuliko za nyuma. Katika kabureta hizi, ukivuta choki asubuhi jeti hushuka ili petroli iongezeke. Ukiirudisha, jeti inapaswa kupanda. Ya mbele ilikuwa imekwama chini kwa kutu. Tuliisafisha, tukapaka oili kwenye waya wa choki, ikarudi mahali pake.

Mwisho tulishughulikia mwinuko. Injini ikiwa moto na inanguruma taratibu, inua kipistoni cha kabureta kama milimita moja. Mngurumo ukipanda na kubaki juu, petroli imezidi. Injini ikitaka kuzima, petroli ni kidogo. Mngurumo ukipanda kidogo kisha ukarudi, mambo ni sawa. Tulizungusha nati ya chini ili jeti ipande kidogo kidogo, tukapima tena, hadi pande zote mbili zikakubaliana. Gharama yote ikawa chujio moja.

Kama hayo yangeshindikana, tungeangalia boya ambalo mafundi huliita floti. Likitoboka, au sindano yake isipoziba, petroli hufurika. Hilo si la kungoja kesho, kwa sababu katika Datsun hii kabureta ziko juu ya ekzosi, na petroli ikidondoka kwenye chuma cha moto gari huteketea. Ukiona inavuja, zima injini papo hapo.

Chomoa pia kijiti cha kupimia oili ukinuse. Kikinuka petroli, mwaga oili hiyo uweke mpya, kwa maana petroli huiosha oili kwenye kuta za silinda na chuma kikasagana na chuma. Wala usiliwashe gari kama hilo ndani ya gereji iliyofungwa. Moshi wake una gesi ya sumu inayoua bila kunuka.

Kwa mwenye gari la karibuni lisilo na kabureta, moshi kama huu mara nyingi hutokana na chujio, au sensa ya joto la maji inayoidanganya kompyuta kwamba injini ingali baridi.

Yule jamaa aliondoka na karatasi yenye idadi ya mizunguko ya kila nati. Ukiteremka Pwani, zirudishe zilivyokuwa. Huko hewa ni nzito, na petroli ikiwa kidogo mno injini hupata joto kali hadi vali zikaungua.