Kuongeza nafasi ya diski pepe ya MS-DOS

Kuongeza nafasi ya diski pepe ni kazi ya kuipatia kompyuta ya kuigizwa mahali pakubwa zaidi pa kuhifadhia faili. Diski pepe ni faili moja kubwa iliyomo katika kompyuta ya kisasa. Programu ya kuigiza, yaani emuleta, huionyesha faili hiyo kwa mfumo wa zamani kana kwamba ni diski kuu halisi. Makala hii inahusu diski za MS-DOS, mfumo endeshi wa kampuni ya Microsoft uliotumika sana kwenye kompyuta za aina ya IBM PC katika miaka ya 1980 na 1990, na ambao leo huendeshwa ndani ya emuleta kama QEMU, Bochs, 86Box na DOSBox.

Haja ya kuongeza nafasi hutokea mara nyingi. IBM PC XT ya mwaka 1983 ilikuwa na diski kuu ya megabaiti 10 tu, kwa hiyo anayeunda diski pepe ya megabaiti 100 huona imemtosha. Akishaweka Windows 3.1, lugha moja au mbili za kuandikia programu na michezo kadhaa, nafasi humwishia.

Kwa nini kurefusha faili hakutoshi

QEMU inakuja na chombo kinachoweza kurefusha faili ya diski kwa amri moja:

qemu-img resize -f raw zamani.img 400M

Amri hiyo hufanya kazi sekunde chache bila kulalamika. Lakini mtumiaji akiwasha MS-DOS na kuandika DIR, ataona nafasi iliyobaki ni ileile ya jana. Hapa ndipo wengi hudhani emuleta ina hitilafu, kumbe haina.

Diski ina tabaka tatu, na amri ile imegusa moja tu. Ya kwanza ni ukubwa wa faili yenyewe. Ya pili ni jedwali la sehemu za diski, lililo katika sekta ya kwanza kabisa yenye baiti 512. Humo huandikwa kila sehemu inaanzia wapi na ina sekta ngapi. Ya tatu ni mfumo wa faili, ambao kwa MS-DOS huitwa FAT. Ni kama mtu aliyenunua shamba la jirani bila kubadilisha hati: ardhi ipo, lakini kwenye ramani mpaka ni uleule wa zamani.

Tabaka la tatu ndilo gumu. FAT hugawa diski katika mafungu ya sekta yaitwayo klasta, na hutunza jedwali lenye nafasi moja kwa kila klasta. Urefu wa jedwali huamuliwa siku diski inapofomatiwa, na mara baada yake hufuata saraka kuu na kisha faili zenyewe. Kulirefusha jedwali ni lazima kusogeza kila kilicho nyuma yake.

Tatizo haliishii hapo. Katika FAT16 diski haiwezi kuwa na klasta zaidi ya 65,524. Diski ya megabaiti 100 kwa kawaida hufomatiwa kwa klasta za kilobaiti 2, na kwa klasta hizo ukomo wake ni kama megabaiti 128. Ili ifike megabaiti 400 inabidi klasta ziwe za kilobaiti 8, maana yake ni kuipanga upya diski nzima. MS-DOS haina amri ya kufanya hivyo. Zipo programu za nje, kama GParted ya Linux, zinazoweza kuipanua FAT16, lakini kwa diski ndogo kama hizi njia ya kuunda diski mpya na kuhamisha faili ni rahisi kueleweka, na diski ya zamani hubaki salama.

Mipaka ya mifumo ya zamani

Ukubwa wa diski mpya hauchaguliwi kiholela. MS-DOS 3.3 ya mwaka 1987 haiwezi kutumia sehemu ya diski inayozidi megabaiti 32, kwa kuwa ilihesabu sekta kwa namba ya biti 16: sekta 65,536 mara baiti 512. Kuanzia toleo la 4.0 mpaka ulisogezwa hadi gigabaiti 2. FAT32, inayovuka hapo, ilikuja na toleo la pili la Windows 95 mwaka 1996, MS-DOS 6.22 haiisomi.

Kuna pia mpaka wa BIOS. BIOS nyingi za zamani zilikubali silinda 1,024, vichwa 16 na sekta 63 kwa kila njia. Ukizidisha pamoja na baiti 512 unapata 528,482,304, yaani megabaiti 504. Emuleta inayoigiza mashine ya zamani kwa uaminifu huigiza na ukomo huu.

Kubwa zaidi si lazima iwe bora. Faili yenye baiti 500 huchukua klasta nzima. Faili elfu moja za namna hiyo hutumia kilobaiti 2,000 kwenye klasta za kilobaiti 2, lakini hutumia kilobaiti 32,000 kwenye diski ya gigabaiti 2, ambayo klasta zake ni za kilobaiti 32. Kwa kazi nyingi za MS-DOS, diski ya kati ya megabaiti 256 na 500 inatosha kabisa.

Kuhamia diski mpya

Kwanza emuleta izimwe. Kama SMARTDRV inatumika, amri ya SMARTDRV /C itolewe kabla ya kuzima, ili data iliyosubiri kwenye kumbukumbu iandikwe diskini. Kisha faili ya diski ya zamani inakiliwa mahali pengine. Nakala hii rudufu isirukwe, kwa sababu itakayoonekana hapa chini.

Diski mpya huundwa, kisha emuleta huwashwa kwa flopi pepe ya MS-DOS yenye FDISK, FORMAT na XCOPY. Diski mpya huwekwa ya kwanza na ya zamani ya pili:

qemu-img create -f raw mpya.img 400M
qemu-system-i386 -fda flopi.img -hda mpya.img -hdb zamani.img -boot a

Mpangilio huu una sababu: FDISK huweza kuifanya sehemu kuwa ya kuwashia kwenye diski ya kwanza tu.

Sasa hatari yenyewe. MS-DOS hutoa herufi kwa sehemu inazoziona tu. Diski mpya haina sehemu bado, kwa hiyo wakati huu herufi C: inashikwa na diski ya zamani, ingawa imewekwa ya pili. Anayeandika FORMAT C: hapa anafuta kazi yake yote. Lazima kwanza FDISK itumike kuunda sehemu kwenye diski namba 1, kisha mashine iwashwe upya. Hapo diski mpya ndiyo C: na ya zamani inakuwa D:. Mtumiaji athibitishe kwa DIR D:, na faili zake zikionekana ndipo aandike:

FORMAT C: /S
XCOPY D:\*.* C:\ /S /E

Alama /S ya FORMAT huweka faili za kuwashia mfumo. XCOPY haichukui faili zilizofichwa. DIR D:\ /AH /S huzionyesha. Mojawapo huwa 386SPART.PAR ya Windows 3.1, ambayo haina haja ya kunakiliwa kwa sababu Windows inaweza kuunda nyingine.

DOSBox

Katika DOSBox, C: mara nyingi si diski pepe bali ni folda ya kawaida ya kompyuta iliyopachikwa kwa amri ya MOUNT. Nafasi inayoonyeshwa ni namba ya kubuni. Mchezo ukikataa kusakinishwa kwa madai kwamba diski imejaa, inatosha kuongeza chaguo -freesize na idadi ya megabaiti mwishoni mwa MOUNT. Namba isizidishwe mno, kwani baadhi ya programu za zamani zikikuta nafasi inayozidi gigabaiti 2 hukosea hesabu na kudai hakuna nafasi kabisa.