Shela: Yua, Mtanga na Lahaja ya Kiamu

Mgeni anayezuru Shela, kisiwani Lamu, aghalabu hufuata jua na mchanga. Wenyeji huviita vitu hivyo yua na mtanga. Vilevile, njia kwao ni ndia na macho ni mato. Maumbo haya hufuata kanuni za Kiamu, lahaja iliyobeba sehemu kubwa ya ushairi mkongwe wa Waswahili kabla ya Kiunguja kuteuliwa mwaka wa 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. UNESCO iliuorodhesha Mji Mkongwe wa Lamu kuwa urithi wa dunia mwaka wa 2001. Majengo yana ulinzi huo. Lahaja hulindwa na wasemaji wake. Kwa hivyo, mwanafunzi anayefika Shela na asikilize kabla ya kusahihisha, kwani lugha ya tenzi anazozisoma darasani ingali hai ufuoni.