Usukani ukitetemeka kwenye lami ya Rumonge, usikimbilie vipuri

KWA miaka mingi barabara ya Bujumbura kwenda Rumonge ilificha maradhi ya magari yetu. Penye mashimo, dereva wa Hilux iliyobeba mapipa ya mawese hathubutu kuvuka kilometa 50 kwa saa, na gari bovu huonekana zima kwa sababu halijapimwa mwendo.

Mambo yanabadilika. Mwaka 2018 Benki ya Maendeleo ya Afrika ilipitisha fedha za mradi unaogusa kipande cha Gitaza hadi Rumonge, kilometa 45 za Barabara ya Taifa Namba 3, pamoja na kilometa 260 za Kabingo, Kasulu hadi Manyovu upande wa Tanzania. Kila panapotandazwa lami mpya, madereva hukanyaga mafuta. Hapo ndipo usukani huanza kutetemeka mikononi.

Nayasema haya kwa uchungu. Mimi ni mwalimu, si fundi. Nilisoma Ulyankulu, mkoani Tabora, ambako wazazi wetu waliokimbia mwaka 1972 walipewa mashamba, na baada ya vipindi nilipenda kusimama gereji nikiwashikia mafundi spana. Tuliporudi nyumbani mwaka 2009, kaka yangu na mimi tulichanga fedha tukanunua Hilux ya dizeli ya mwishoni mwa miaka ya 1980. Gari hilo ndilo linalolipa ada za watoto wa nyumba mbili. Hushuka Bujumbura na mawese, hurudi na saruji na abiria.

Siku moja kaka akaniambia kwamba akifika 80 usukani unatikisika kama mtu mwenye homa. Akifika 100 unapungua. Akipunguza hadi 60 unatulia kabisa.

Tulimpelekea fundi mmoja wa mjini. Bila kuuliza swali, alisema ni tairodi. Tukanunua zote mbili. Gari likarudi barabarani, mtetemo ukabaki pale pale. Akasema basi ni bokisi la usukani, akakaza skrubu yake mpaka usukani ukawa mgumu kama wa trekta, haurudi wenyewe baada ya kona. Mtetemo haukwenda popote. Fedha tuliyokwisha kutoa ingetosha matairi mawili mapya.

Ndipo tulipompata mzee mmoja aliyefanya kazi ya ufundi Kigoma kwa miaka mingi kabla ya kurejea. Huyu hakushika spana. Aliuliza maswali matatu.

“Mwalimu, unaanza mwendo gani? Unausikia mikononi au makalioni? Na ukikanyaga breki unaongezeka?”

Nikamjibu: “Mzee, ni 80 hadi 95, mikononi, na breki haibadilishi kitu.”

“Basi acheni kununua vyuma,” akasema. “Tuangalie miguu kwanza.”

Ndugu msomaji, maswali hayo matatu yana thamani kuliko vipuri vyote tulivyonunua. Mtetemo wa mikononi kwa kawaida hutoka magurudumu ya mbele. Ukiusikia kwenye kiti na sakafuni, shuku ya nyuma, au propela shafti na krosi zake. Ukija pale tu unapokanyaga breki, ni diski zilizopinda au ngoma zilizopoteza umbo la duara. Na ukizuka katika mwendo fulani kisha ukapungua juu yake, mara nyingi ni gurudumu lenye uzito usio sawa au lisilo duara.

Kwa nini 80 na si 40? Tairi la Hilux katika mwendo wa 80 huzunguka karibu mara 11 kwa sekunde. Chukua gramu 50 tu zilizozidi upande mmoja wa rimu ya inchi 14. Katika mwendo huo gramu hizo huivuta rimu kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 4 hivi, na upande wa mvuto unabadilika kila mzunguko. Kwenye 40 nguvu hiyo ni robo yake, kama kilo moja, wala huisikii. Zaidi ya hapo, springi na vyuma vya mbele vina mpigo wao wa asili. Mizunguko ya gurudumu ikikutana na mpigo huo, mtetemo hukua, ikiupita hupungua. Ndiyo maana dereva hudhani gari limepona anapofika 100.

Gramu 50 si kitu kwetu huku. Tope jekundu la mvua hukauka ndani ya rimu, upande usioonekana, likashika kama saruji. Mzee alianza hapo, kwa fimbo na ndoo ya maji ya ziwa. Kuna magari hupona kwa ndoo hiyo moja. La kwetu halikupona.

Kisha akafanya jambo rahisi ambalo fundi wa kwanza angeweza kulifanya kwa nusu saa: alihamisha magurudumu ya mbele yakaenda nyuma, ya nyuma yakaja mbele. Tukaenda upande wa Minago na kurudi. Usukani ulitulia, lakini kiti kikaanza kutikisika. Ugonjwa ulikuwa umehama pamoja na matairi. Tairodi za zamani hazikuwa na kosa lolote.

Aliyapandisha magurudumu moja moja kwa jeki, akaweka gogo chini ya chasisi kwa sababu jeki peke yake si ya kuaminiwa, akasimamisha kijiti karibu na uso wa tairi na kulizungusha polepole. Pengo kati ya kijiti na mpira likibadilika kwa milimita 3 au zaidi, tairi au rimu si duara. Tairi la kwanza lilizunguka vizuri. La pili lilikisukuma kijiti kikaanguka.

Alipitisha kiganja upande wa ndani, ule unaotazama chasisi, ambao hakuna mtu huutazama. Kulikuwa na uvimbe wa ukubwa wa nusu limau. Nyuzi za ndani zilikuwa zimeachana na mpira. Kwenye ubavu wa tairi tarakimu nne za mwisho zilisomeka 1904, yaani liliundwa wiki ya 19 ya mwaka 2004. Tulilinunua kama “mtumba mzuri” kwa sababu kashata zake zilikuwa bado ndefu. Kashata ndefu hazisemi umri wa mpira, tarakimu ndizo zinazosema, na zikiwa tatu tu, tairi hilo ni la kabla ya mwaka 2000.

Nilikaa chini. Wiki ile kaka alikuwa amewapakia akina mama wanane juu ya magunia ya dagaa, tairi hilo likiwa mbele kushoto, mlima upande mmoja na ziwa upande mwingine. Tairi la aina hii halitoi onyo jingine zaidi ya mtetemo, na pengine usukani kuchezacheza kushoto na kulia hata kwenye mwendo wa 20. Ukiona hilo la pili, simama hapo hapo ubadilishe.

Kuna mtetemo mwingine uliokuja na foleni za mafuta za miaka hii. Gari lililopakiwa likisimama siku nyingi mahali pamoja, matairi hubonyea upande wa chini. Siku ya kuondoka linatetemeka, halafu baada ya kilometa 15 hivi mpira ukipata moto linatulia. Hilo halihitaji fundi. Lisipotulia, tairi limeshaharibika.

Kama matairi ni mazima, ndipo utazame vyuma. Pandisha gurudumu, shika mkono mmoja juu na mwingine chini, sukuma na kuvuta. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki. Ulegevu ukiisha, ni beringi. Ukibaki, ni boljointi, au kingpini kwa wenye Fuso. Kisha shika kushoto na kulia: ulegevu wa hapo, breki ikiwa imekanyagwa, ni wa tairodi au bokisi. Wenye Land Cruiser za ekseli nzima ya mbele waangalie pia beringi za nakoli, zile za juu na chini ya kiungo cha gurudumu. Zikilegea, shimo moja tu linatosha kuufanya usukani upige kushoto na kulia kwa nguvu mpaka usimamishe gari. Kuna wanaofunga shokapu mpya ya usukani ili kuunyamazisha. Ulegevu unabaki pale pale, ila dereva hausikii tena.

Nati za magurudumu nazo huleta balaa la bure. Kaza moja, kisha ya upande wa pili wake, si kwa kuzunguka, na uzirudie baada ya kilometa 50.

Mashine ya balansi utaipata Bujumbura. Asiyefika huko anaweza kupunguza tatizo kwa njia ya wazee: pandisha gurudumu la mbele, hakikisha breki haigusi, lizungushe liachie lisimame lenyewe, weka alama ya chaki chini. Rudia mara tatu. Chaki ikirudi chini kila mara, upande huo ni mzito, na kipande cha risasi kinatakiwa upande wa juu. Njia hii haioni kila kosa, lakini kwa mtu wa Nyanza-Lac au Mugina ni bora kuliko kubahatisha.

Neno kwa wenzangu tuliokulia Tanzania. Ukiingia duka la vipuri Bujumbura ukaomba beringi, muuzaji anaweza kukutazama tu. Wao wamezoea Kifaransa: beringi ni rulema, boljointi na kichwa cha tairodi vyote ni rotuli, rimu ni janti, usukani ni volani. Mimi nilirudishwa na rotuli isiyo yangu mara mbili kabla ya kujifunza kubeba kifaa cha zamani mkononi. Mfanyabiashara anayenunua Kigoma afanye hivyo pia, kwani Hilux za mwaka mmoja hazina vyuma sawa zote.

Tairi lile tulilitoboa kwa kisu ili asije mtu akalinunua tena sokoni. Shemeji yangu amelikata akapata jozi tatu za katambuga. Skrubu ya bokisi mzee aliilegeza robo mzunguko, na usukani sasa unarudi wenyewe baada ya kona. Kwenye 95 bado kuna kijimtetemo kidogo, ambacho mzee anasema ni bushi za springi. Kaka ameahidi kuzinunua akishauza mapipa ya mwezi huu, na hadi hapo havuki 80.